Hofu ya mtihani haitibiwi Novemba: mwongozo kwa mwanafunzi wa kidato cha nne na wanaoishi naye

Jioni moja ya mwezi wa tatu walikuja barazani kwangu, hapa Makorora, Tanga, mabinti wawili wa kidato cha nne na karatasi za jaribio la fizikia. Wote wawili walikuwa wamepata 11 kati ya 50. Wa kwanza alikuwa ameikunja yake mara nne mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akaichomeka ndani ya soksi. Nilipomwomba niione akasema, "Mwalimu, hiyo nishaisahau." Wa pili aliikunjua juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye swali la tatu: "Mwalimu, hapa nilikuwa napatia. Nimepotelea wapi?"

Alama zao zilikuwa sawa na mwalimu wao ni mmoja. Hata karatasi zilitoka mashine moja, maana doa la wino lilikuwa kona ile ile. Lakini mtu akinitaka nikisie ni nani atatetemeka mkono siku ya pepa, sihitaji kufikiri. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria huyo wa soksi.

Tunaposikia neno ustahimilivu tunakumbuka makubwa: mtoto kafiwa na baba, mvua imeangusha nyumba, lakini shule haachi. Huo upo na tunauheshimu. Upo mwingine mdogo, wa kila siku, usioimbwa na mtu: kuamka baada ya alama mbovu, kusemwa mbele ya darasa na bado ukanyoosha mkono kesho yake, kukatikiwa umeme katikati ya swali ukamaliza kwa tochi ya simu. Mwaka 2008 watafiti wawili, Andrew Martin na Herbert Marsh, waliupima huo mdogo kwa wanafunzi 598 wa sekondari za Australia, katika somo la hisabati. Miongoni mwa mambo waliyoyalinganisha nao, lililobeba uzito mkubwa kuliko yote lilikuwa wasiwasi: palipokuwa na wasiwasi mwingi, ustahimilivu huu ulikuwa haba.

Uhusiano wa mambo mawili hautuambii lipi limezaa lipi. Kwa nilivyoona barazani, unakwenda pande zote mbili. Hofu humfanya mtoto aifiche karatasi, na karatasi iliyofichwa huilisha hofu. Mahali rahisi pa kuukata mzunguko huo ni kwenye karatasi, kwa sababu hofu haishikiki kwa mkono na karatasi inashikika. Mvuvi wa Sahare hangoji tufani ndipo ajifunze kuchota maji kwenye ngalawa. Huyachota kila siku, hata bahari ikiwa shwari.

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba. Anza mwezi wowote, ila usingoje Oktoba.

Hatua ya kwanza: jua hofu yako inakaa wapi

Chukua karatasi uandike, bila kupamba, kinachokupata unaposikia neno mtihani. Ukimaliza, weka alama ya M kwenye kila jambo la mwilini: moyo kwenda mbio, viganja kulowa, tumbo kukoroga, kwenda chooni mara tatu. Weka K kwenye kila jambo la kichwani: "nitafeli", "wenzangu wote wanajua", "mama kauza mkufu kunilipia tuisheni".

Mgawanyo huu ni wa zamani. Robert Liebert na Larry Morris, wa Marekani, waliupendekeza mwaka 1967, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba hofu ya kichwani ndiyo inayokula alama zaidi. Sababu yake inaeleweka kwa mpishi yeyote. Akili inapokokotoa swali hushikilia mambo machache kwa wakati mmoja: namba ulizopewa, fomula, hatua uliyofika. Ni chungu juu ya mafiga matatu. Wazo la "mama kauza mkufu" likichomoa figa moja, chungu kinalala upande na mchuzi unamwagika, hata kama ulisoma.

Hofu ya mwilini haina ukorofi huo. Hapa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na mapigo ya moyo ndivyo yalivyo: yanakuja, yanakaa dakika chache, yanaondoka zake. Tatizo ni pale moyo unapodunda halafu kichwa kikadakia, "Unaona? Hujui kitu." Kwa hiyo kazi yetu kubwa iko kwenye orodha ya K.

Hatua ya pili: daftari la mikwaruzo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na mtu akiniambia ana nafasi ya hatua moja tu, namwambia ashike hii.

Nunua kauntabuku ndogo. Isiwe ya somo lolote. Kila ukurasa ugawe safu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, nilichofanya kabla jua la kesho halijazama. Kila mkwaruzo wa shule unaingia humo: alama mbaya, swali lililokushinda ukiwa umesimama ubaoni, kazi uliyosahau, mwenzako kukucheka Kiingereza chako. Usiandike insha, mstari mmoja kwa kila safu unatosha.

Ukurasa wa kwanza wa binti wa soksi ulikuwa hivi, nimeomba ruhusa yake kuunakili:

Kilichotokea: fizikia 11/50. Nilichojiambia: fizikia si yangu, baba akijua nimekwisha. Nilichofanya: (patupu)

Safu ya tatu ilikaa patupu wiki tatu. Sikumgombeza. Kila Jumatano nilimuuliza tu, "Safu ya tatu vipi?" naye anaangalia mkeka. Wiki ya nne akaja na mstari huu: "Nimerudia swali la 3. Nilisahau kubadili sentimita kuwa mita. Nimepata."

Hapo pana jambo la kuangalia kwa karibu. Safu ya pili ilisema fizikia yote si yake. Safu ya tatu ikaonyesha kwamba kilichokuwa si chake ni kubadili sentimita kuwa mita. Dude kubwa lililokuwa linamnyima usingizi limegeuka kitu cha kutosha kwenye ukucha. Na hakuambiwa na mtu, amelipata mwenyewe kwa kalamu yake, ndiyo maana lilimkaa.

Angalizo: safu ya tatu si ya nadhiri. "Kuanzia leo nitasoma kwa saa sita kila siku" hiyo ni ahadi, na ahadi ya namna hiyo ikivunjika Alhamisi inakuwa mkwaruzo mpya. Andika ulichokwisha kufanya, hata kama ni dakika kumi. Na wala isiwe kila mara ni kusoma. "Nimemuomba mwalimu anielekeze tena" ni kitendo. "Nimelala mapema, kesho nitaona" nacho ni kitendo, kwa siku ambayo mwili umechoka kweli.

Hatua ya tatu: igawe karatasi mafungu matatu

Jaribio lolote likirudi, pitia kila alama uliyoikosa na uiweke kwenye fungu lake: sikujua kabisa, nilijua nikakosea kwa haraka au uzembe, au sikuelewa swali lilikuwa linataka nini.

Wanafunzi wengi wa hapa hustuka wakiona fungu la tatu lilivyonona. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukatupwa kwenye Kiingereza, na mpaka kidato cha nne kuna mtoto anaijua biolojia barabara ila hajui tofauti ya neno linaloagiza "taja" na linaloagiza "fafanua". Anataja, anapoteza alama, anaondoka akiamini hana akili. Basi tengeneza orodha ya maneno hayo ya maagizo, yale ya Kiingereza yenyewe, na maana zake kwa Kiswahili chako mwenyewe, uibandike ukutani karibu na kioo. Si mengi, hayafiki 30.

Na kuna hazina ambayo sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huweka kwenye tovuti yake, bure, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo utaona swali, wengi walikosea wapi, na picha ya majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe. Ukiona jibu bovu la mtu usiyemjua, unagundua kwamba makosa yako ni ya kawaida kabisa. Mimi nawaambia vijana wasome angalau moja kwa kila somo, kwenye simu ya kaka au dada, badala ya kuzungukazunguka mitandaoni.

Hatua ya nne: ipigie hofu hesabu

"Nitapata ziro" ni sentensi ninayoisikia sana kuliko salamu. Sasa tuikokotoe. Divisheni ya kidato cha nne inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na ziro ni 34 na 35.

Mwenye C saba ana 21, yaani divisheni ya pili. Mwenye C nne na D tatu ana 24, ya tatu. Na D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Chukua matokeo yako ya moko (mtihani wa majaribio) au ya muhula uliopita, andika pointi, jumlisha. Huenda ukakuta uko mbali sana na ziro uliyokuwa unaiota. Huenda pia ukakuta uko karibu nayo, na hilo nalo ni heri ulijue Mei kuliko Novemba, maana utaona ni masomo gani mawili yakipanda daraja moja moja yatakutoa.

Sitaki usome namba hizi kama mganga anavyosoma nyota. Nataka tu neno "nitafeli" lilazimike kujieleza.

Hatua ya tano: fanya pepa ukiwa kwenye kelele

Kusoma daftari mara tano kunatia raha, unajiona umeiva. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu hilo: wanafunzi waliorudia kusoma waliwashinda wenzao walipoulizwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Kwa hiyo tafuta pasti pepa, funga daftari, jipe muda wa saa tatu kamili, andika. Kaa kwenye kiti cha mbao, si kitandani. Na mara moja kwa wiki, kwa makusudi, ifanye pepa kukiwa na vurugu: jirani ana harusi na taarabu imefunguliwa mpaka vikombe vinacheza kabatini, wadogo zako wanagombania baiskeli, jua limepiga bati. Novemba huku pwani ni joto, na mvua za vuli zikiamua kunyesha juu ya bati la darasa, msimamizi utamwona midomo inacheza tu. Aliyezoea kimya pekee ataona kelele ndogo kama msiba.

Utakasirika na utakosea. Iandike kwenye kauntabuku.

Hatua ya sita, ya walio nyumbani

Hapa naongea na mama, baba, shangazi, bibi. Shule ya serikali haina ada kuanzia 2016, lakini tunajua gharama haziishi: tuisheni, sare, nauli, hela ya mtihani wa majaribio. Mnajinyima, na mtoto anaona. Hahitaji kukumbushwa. Kila ukimwambia "usije ukaniaibisha", umemwongezea mstari kwenye ile orodha ya K, na siku ya pepa ndio utakaochomoa figa.

Akileta 11 kati ya 50, swali la kwanza lisiwe "wa kwanza kapata ngapi?" Muulize, "Lipi lilikuzidi? Utamuuliza nani?" Halafu nyamaza. Najua ni kazi ngumu, hata mimi nina mtoto, nimewahi kushindwa. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kuanguka na kuinuka kwenye jambo dogo, kama ile siku maandazi yote yaliungua na bado ukatoka na kitu cha kuuza, msimulie. Mtoto hujifunza kuinuka kwa kuona watu wakiinuka.

Ipo hofu isiyo ya kauntabuku. Mtoto asiyelala kwa wiki nzima, anayetapika kila asubuhi ya shule, aliyeacha kula au kuongea na watu, au anayesema heri afe, huyo asipewe mwongozo wa kusoma. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali, mwone mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwake. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure nchi nzima, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Hatua ya saba: usiku wa kuamkia pepa, na asubuhi yake

Usikeshe. Aliyekesha anaingia na maneno mengi yasiyo na mpangilio. Weka tayari kalamu mbili au tatu, rula, namba yako ya mtihani, sare iliyonyooshwa. Simu iache nyumbani, haina kazi chumba cha mtihani ila kukuponza. Usile chakula kigeni wala vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo tumbo lako halijavizoea. Chai na kiazi cha jana vimewapitisha wengi.

Pepa ya asubuhi huanza saa 2:00. Wa Pongwe au Tongoni usitegemee gari la mwisho, na mvua ikinyesha bodaboda hupotea kama senene.

Asubuhi hiyo jaribu jambo moja lililopimwa. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 katika jarida la Science kwamba wanafunzi wenye hofu kubwa walioandika wasiwasi wao kwa dakika kumi kabla tu ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenye hofu kama yao ambao hawakuandika hivyo. Andika kila kitu, mkufu wa mama ukiwemo, kisha ichane karatasi. Kama huna dakika kumi, andika tatu. Si kila mtu linamfaa, ndiyo maana nasema ulijaribu kwanza siku ya moko.

Na moyo ukianza kudunda ukiwa foleni, usiuamuru utulie, hausikii. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alionyesha kwamba watu waliojiambia wana hamu na msisimko walifanya vizuri, hata kwenye hesabu, kuliko waliojiambia watulie. Mwili wa mwenye hofu na wa anayesubiri fainali uwanjani Mkwakwani unadunda vilevile. Jiambie, "Nina hamu nayo hii." Mwanzo utajiona mjinga.

Hatua ya nane: ndani ya chumba

Nilipofanya pepa yangu ya hisabati, miaka mingi nyuma, swali la kwanza lilinigomea. Niliparaza peni dakika ishirini nzima nikiona haya kuliruka, kana kwamba msimamizi angeniona mwoga. Nilipofika kwenye maswali niliyoyajua kama jina langu, muda ulikuwa umekwisha. Sikumlaumu mtu, sikuwa nimewahi kujizoeza kushindwa na swali nikaendelea na safari.

Kwa hiyo: soma pepa nzima kwanza. Anza na swali unalolijua, lolote liwe, lililo rahisi kabisa, ili mkono uingie barabarani. Likikugomea swali, weka alama, ruka. Kichwa kikiwa cheupe, laza peni mezani, bana nyayo sakafuni, vuta pumzi ya kawaida kisha uitoe polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, mara nne au tano. Halafu andika neno moja tu unalolikumbuka kuhusu mada hiyo. La pili hufuata mara nyingi.

Ukitoka, pita moja kwa moja. Langoni kutakuwa na kikao cha "swali la tano umepata ngapi?" Hakina faida yoyote, na kama mchana kuna pepa nyingine saa 8:00, kikao hicho kitakuharibia. Tafuta kivuli, kunywa maji, kula.

Binti wa soksi alipita langoni siku ya fizikia bila kusimama, akaja barazani jioni kurudisha rula yangu. "Shikamoo mwalimu." Marahaba, pepa vipi? Hakujibu, alinipa kauntabuku. Ukurasa wa siku ile ulikuwa na mstari mmoja:

Kilichotokea: swali la 9 limenishinda, nimeliruka. Nilichojiambia: mikono ilitetemeka kidogo, ikaacha. Nilichofanya: nimemaliza mengine yote. Sasa nakwenda kusoma kemia mpaka saa tatu, kisha nalala.